MZALISHAJI ASIKIE SAUTI YA DUKA

Tangu tupate uhuru, wito mkubwa katika nchi yetu umekuwa mmoja: tuzalishe zaidi. Wito huo ulikuwa wa haki na ungali wa haki, maana taifa lisilozalisha halina cha kugawana. Lakini leo twapenda kuongeza neno moja, ambalo bila hilo jasho la mkulima, la mvuvi na la mfanyakazi wa kinu huweza kumwagika bure. Neno lenyewe ni hili: anayezalisha kwa ajili ya duka sharti ajue duka limeuza nini, limebakiwa na nini, na limeulizwa nini likakosa. Anayejua hayo hupata faida. Asiyejua huzalisha kwa kubahatisha, na hasara ya kubahatisha humwangukia yeye kwanza.

Twasema hayo tukiitazama sehemu ya kusini-magharibi ya Mkoa wa Ruvuma, kutoka milima ya Umatengo katika Wilaya ya Mbinga, hadi kata ya Liparamba karibu na mpaka wa Msumbiji, na kushuka hadi Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Nchi hiyo si maskini wa mali. Milimani Wamatengo hulima maharage na mahindi katika ngolo, yale mashimo yao mashuhuri yanayokinga maji ya mvua yasichukue udongo. Na kahawa yao imejulikana kwa miaka mingi. Ziwani hutoka usipa, samaki wadogo wanaoliwa katika nyumba nyingi za mkoa huo. Na tangu ilipokamilika barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, gari la mizigo halilali tena matopeni katika njia hiyo kuu. Kwa hiyo taabu ya leo si njia peke yake. Barabara hupitisha bidhaa. Haisemi ni bidhaa gani ipite, kiasi gani, wala lini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini usipa huoza. Unapovuliwa mwingi katika usiku wa giza, taa za wavuvi zikiwavuta samaki, na kulipokucha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, akina mama waliokwisha kununua ndoo kwa ndoo hawana pa kuuanika. Hata ukikauka vizuri, usipa uliorundikwa ghalani bila mnunuzi huvunjika na kuingiwa na wadudu, na mwisho huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wakati huo huo yawezekana kabisa kwamba katika duka moja la Kingerikiti au Mpepo mtu ameulizia usipa wa kitoweo cha siku moja, akaambiwa hakuna. Ziada na upungufu hukaa katika wilaya moja, wala havijuani.

Kuna watu wanaodhani kwamba sababu ya mambo haya siku zote ni ulanguzi. Walanguzi wapo, nasi hatuwatetei. Lakini hasara kubwa huweza kuzaliwa hata mahali ambapo kila mtu ni mwaminifu. Tuchukue mfano wa hesabu. Yako maduka 10, na kila moja huuza mifuko 10 ya unga kwa wiki. Jumla ni mifuko 100. Wiki moja mishahara imetoka na harusi ni nyingi, na kila duka likauza mifuko 12. Mwenye duka, akiona rafu zinapungua, hushikwa na hofu akaagiza 15. Mwenye duka la jumla, aliyezoea kuagizwa mifuko 100, sasa anaagizwa 150. Naye akidhani kwamba biashara imefunguka, anaagiza 200 kinuni. Mwenye kinu akiona maagizo yameongezeka mara mbili, hununua mahindi kwa bei ya juu, huita vibarua wa usiku, na kusaga mifuko 260. Kumbe walaji wenyewe waliongeza mifuko 20 tu!

Wiki ifuatayo harusi zimekwisha. Maduka yana akiba, hayaagizi. Duka la jumla limejaa, haliagizi. Kinu kinasimama, vibarua wanarudishwa nyumbani bila ujira, na mkulima aliyeambiwa juzi kwamba mahindi yanatakiwa upesi, leo anaambiwa asubiri. Hakuna mwizi katika hadithi hii. Kila mmoja alifanya kilichoonekana kuwa busara. Kosa ni kwamba mwenye kinu alisikiliza maagizo ya mwenye duka la jumla, wala hakusikia mlaji alinunua nini. Na angalia jinsi hofu ndogo ya dukani ilivyokua kila ilipopanda ngazi, hata ikamfikia mzalishaji ikiwa dhoruba.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Mmarekani Jay Forrester, wa chuo cha MIT, alilieleza kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Miaka ya baadaye kampuni ya Procter & Gamble ilitazama biashara yake ya nepi za watoto, ikaona ya kwamba watoto walizitumia kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hata wiki, lakini maagizo yaliyofika nyuma kwa wenye viwanda yalipanda na kushuka kama mawimbi. Huko Japani, Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota aliupenda mtindo wa maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri ya kile wanunuzi walichokwisha kuchukua, si zaidi. Akauingiza mtindo huo kiwandani kwa kadi ndogo iitwayo kanban: fundi wa mbele hutoa kadi kuonyesha alichotumia, na fundi wa nyuma hutengeneza cha kujaza pengo hilo. Fundisho ni kwamba faida hupatikana pia kwa kuacha kutengeneza kisichotakiwa.

Lakini hatuna haja ya kwenda Japani kutafuta fundisho. Historia yetu wenyewe inatosha. Mwaka 1962 ilianzishwa Cosata, chama cha kuyapelekea bidhaa maduka ya ushirika, ili mwananchi naye awe na sauti katika biashara. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikatiwa katika mikono ya umma, na Shirika la Biashara la Taifa, STC, likaundwa. Mwaka 1973 kazi za shirika hilo ziligawanywa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo ilikusudia maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi.

Nia ya hatua hizo ilikuwa kumtoa mnunuzi katika makucha ya wenye kuhodhi, na nia hiyo hatuibezi. Lakini bidhaa ziliteremka kutoka juu kwa mgao. Kijiji hakikuulizwa, kilipelekewa. Mwenye kugawa alijua idadi ya vijiji, bali hakujua ni kijiji gani kimebakiwa na sabuni na kipi hakina chumvi. Duka lilipokosa bidhaa, habari hiyo haikuwa na njia ya kupanda mpaka kiwandani. Kisha bei ya mafuta ilipopanda duniani, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipomaliza akiba ya fedha za kigeni, uhaba ukawa mkubwa. Na mtindo usiokuwa na masikio haukuweza kujua pa kuanzia kuziba. Kuanzia mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti ya biashara. Fundisho tunalolichukua ni hili: umma unaweza kumiliki ghala, na mtu binafsi anaweza kumiliki ghala, lakini ghala lisilosikia duka litakosea, awe nani mwenyewe.

Upo ushahidi mwingine wa karibu zaidi, nao wahusu afya zetu. Katika miaka ya 1980 zahanati za vijijini zilianza kupelekewa dawa katika makasha yaliyofungwa tayari, kila kasha na vitu vile vile. Msaada ule uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini zahanati ya nyanda za malaria na zahanati ya milima yenye baridi zilipata kasha moja. Dawa moja ilikwisha upesi, nyingine ikakaa mpaka muda wake ukapita. Katika miaka ya 2000 utaratibu ukabadilishwa: zahanati zikaanza kuagiza zenyewe kwa kadiri ya matumizi yao, na Bohari ya Dawa ikapeleka kilichoagizwa. Upungufu haujamalizika, kila mtu ajua. Lakini sasa mganga wa zahanati anayo karatasi ya kusemea, na karatasi hiyo husafiri kwenda juu. Hilo ndilo tunalolitaka kwa mwenye kuleta unga, usipa na maharage dukani.

Sasa tumweleze mleta bidhaa faida yake kwa uwazi, maana hatumwombi fadhila.

Faida ya kwanza ni kupunguza kinachoharibika. Mama wa Mbamba Bay anayejua kwamba maduka anayoyauzia Mbinga huuza ndoo 8 za usipa kwa wiki hatakopa fedha kununua ndoo 20. Atanunua 8, pengine 10 kwa tahadhari, ataanika vizuri juu ya vichanja mbali na mchanga, na bidhaa yake itafika safi.

Faida ya pili ni kuzunguka kwa mtaji. Mtu mwenye shilingi 1,000,000 akiizungusha mara 4 kwa mwaka, kila mzunguko ukimpa faida ya shilingi 50,000, mwisho wa mwaka amepata shilingi 200,000. Mwenzake mwenye mtaji ule ule na faida ile ile kwa kila mzunguko, akizungusha mara 12 kwa sababu analeta kidogo kidogo na kinauzwa upesi, amepata shilingi 600,000. Hakuongeza bei hata senti moja. Tofauti ni kwamba fedha ya wa kwanza ililala ghalani, na fedha ya wa pili ilikuwa kazini.

Faida ya tatu ni kujua namna ya bidhaa, si kiasi tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wema wa bidhaa hutegemea anayeitumia. Mfanyakazi mwenye familia ndogo mjini hataki gunia la maharage. Anataka kilo 2 zilizopembuliwa, za aina moja, zinazoiva pamoja. Mwingine anataka dona, si sembe. Mzalishaji akipata habari hiyo, huweza kupanga, kupima na kufunga kama mnunuzi apendavyo, na thamani ya kazi hiyo hubaki kijijini badala ya kuchukuliwa na mtu wa kati. Wakulima wa kahawa wa Mbinga walikwisha kuelewa jambo hili: kahawa iliyomenywa na kuoshwa kwa uangalifu katika mashine ya pamoja hupata bei nzuri kuliko iliyoandaliwa ovyo, kwa sababu mnywaji wa mbali ndiye hakimu.

Faida ya nne ni heshima mbele ya mkopeshaji. Kikundi chenye daftari la maagizo ya mwaka mzima, na malipo yake, kina neno la kusema katika chama cha akiba na mikopo au benki. Kisicho nalo kina ahadi tu.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao zastahili kujibiwa. Wa kwanza atasema: mahindi si nepi wala motokaa, mkulima hupanda mara moja kwa mwaka, wala hawezi kuisimamisha mvua kwa sababu duka limejaa. Ni kweli. Ruvuma inakumbuka vizuri mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, na ingawa baadaye zuio liliondolewa, wakulima walibaki na mazao mengi na bei ikaanguka. Mkulima hawezi kubadili shamba kwa wiki moja. Lakini anaweza kuchagua kabla ya kupanda: mahindi kiasi gani, maharage ya aina gani, soya na ufuta kiasi gani. Na baada ya kuvuna anaweza kuchagua lini auze. Utaratibu wa stakabadhi za ghala, uliotungiwa sheria mwaka 2005, uliwekwa kwa ajili hiyo: mazao yakae mahali salama, yakingoja mnunuzi wa kweli, badala ya kutupwa sokoni yote kwa siku moja. Habari za dukani haziongozi mvua. Huongoza maamuzi ya mwenye jembe.

Wa pili atasema: katika kata za mbali, kuleta kidogo kidogo ni ghali, maana gari halifungi safari kwa magunia matatu. Hoja hii ni nzito, na jibu lake ni umoja. Magunia matatu ya mtu mmoja wa Liparamba ni mzigo mdogo. Magunia matatu ya watu kumi wa Liparamba, Kingerikiti na Mpepo ni safari. Gari likishuka na maharage, lirudi na chumvi, sabuni na sukari yaliyoagizwa na maduka ya huko huko. Na wakati wa masika, njia za vijijini zinapoharibika, akiba ya maduka sharti iwe kubwa kuliko wakati wa kiangazi. Kusikia duka si kuacha akiba. Ni kuweka akiba kwa hesabu, si kwa hofu.

Wa tatu, naye ni mfanyakazi wa kawaida, atauliza: je, mwenye duka hatatumia mtindo huu kumkandamiza mzalishaji? Anaweza. Yako maduka mahali pengi ambayo hupokea mali leo, huiuza kesho, na kumlipa aliyeileta baada ya miezi mitatu. Huko ni kumgeuza mkulima kuwa benki isiyotoza riba. Kwa hiyo twasema wazi: habari na fedha ziende pamoja. Duka linalotaka kuletewa kila wiki lilipe kila wiki. Tangu mwaka 2008 Watanzania wanatumiana fedha kwa simu. Kisingizio cha umbali kimekwisha.

Lipo neno jingine ambalo wanachama hawana budi kulitafakari. Daftari la duka huandika haja ya mwenye fedha. Haja ya asiyekuwa na fedha haimo. Mtoto anayehitaji maziwa ambaye mama yake hakufika dukani hahesabiwi. Kwa sababu hiyo biashara inayofuata wanunuzi, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kuwa dira pekee ya taifa linaloamini usawa wa binadamu. Dawa, vitabu vya shule, chakula wakati wa njaa: haya yapimwe kwa haja ya mtu, si kwa mfuko wake. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kumhurumia maskini si sababu ya kuacha usipa uoze. Na usipa ukioza, huyo maskini ndiye aliyeuvua.

Basi nini kifanyike? Kwanza, kila mwenye duka, awe mtu binafsi au chama cha ushirika, aweke daftari lenye safu tatu: kilichouzwa, kilichobaki, na kilichoulizwa kikakosekana. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo isiyoandikwa. Pili, mwisho wa kila wiki habari hizo zitumwe kwa simu kwa wale wanaoliletea duka hilo bidhaa. Ujumbe mfupi watosha. Tatu, vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na vikundi vya akina mama wa ziwani vichague karani mmoja wa kukusanya maagizo na kupanga mzigo wa pamoja. Nne, maofisa biashara na maofisa ushirika wa halmashauri za Mbinga na Nyasa waache kungoja ripoti ofisini. Wawafundishe makarani hao hesabu ndogo za maghala. Tano, wanachama walio madereva, mabaharia wa ziwani na watunza maghala wahesabu kazi hii kuwa yao, maana gari lisilochelewa ni sehemu ya agizo.

Wala tusingoje fedha kutoka nje. Daftari na kalamu ni bei ndogo. Kinachotakiwa ni ukweli: mwenye duka asiongeze tarakimu kwa kuogopa kukosa, na mleta bidhaa asipunguze kipimo kwa kutaka kupata. Palipo na udanganyifu wa tarakimu, kila mtu hurudi katika kubahatisha, na ile mifuko 20 huwa tena 160.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaijua wote tangu utoto, na mara nyingi twaitumia kumwonya mwenye duka asiibiwe. Leo inafaa imwonye pia mvuvi wa Mbamba Bay, mwenye kinu wa Mbinga na mkulima wa Liparamba: mali yao hupotea siyo tu inapoibiwa, bali pia inapopelekwa mahali ambapo hakuna aliyeiomba. Ndugu wanachama na wafanyakazi, tuendelee kuzalisha zaidi. Lakini kabla ya kufunga gunia, tuulize kwanza: nani anaingoja?